Kusafiri kwa Treni na Mizigo Kutoka Nairobi: Kanuni na Ushauri

Abiria anayeondoka Nairobi kwa treni hubeba mzigo wake mwenyewe kutoka langoni hadi kitini, na jambo hilo ndilo linalopaswa kuongoza kila uamuzi anaoufanya anapofungasha. Aliyezoea basi la usiku la kwenda Mombasa amezoea pia kumkabidhi utingo sanduku lake, kuliona likisukumwa ndani ya buti, kisha kupanda akiwa na mkoba wa mkononi tu. Katika treni ya Madaraka Express, yaani ile ya reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, mambo ni tofauti. Begi lako linapita ukaguzi pamoja nawe, linapanda na kushuka ngazi pamoja nawe, linawekwa juu ya rafu kwa mikono yako mwenyewe, na mwisho wa safari linashushwa kwa mikono hiyohiyo. Matatizo mengi ambayo abiria huyapata hayatokei treni ikiwa mwendoni. Hutokea kabla hajapanda, pale anapogundua kwamba alichokibeba hakiinuki, au kwamba ndani yake kimo kitu ambacho hakiruhusiwi kupita.

Maelezo yaliyo hapa chini yanahusu zaidi treni ya reli ya kisasa, ambayo ilianza kuwabeba abiria tarehe 1 Juni 2017 kati ya Syokimau, pembezoni mwa Nairobi, na Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, umbali wa takriban kilomita 472. Treni za reli ya zamani na zile za mjini nimezitengea sehemu fupi mwishoni, kwa kuwa zina desturi zake.

Kufungasha

Anza na masharti ya tiketi. Masharti hayo ndiyo yanayoeleza uzani na ukubwa wa mizigo ambayo abiria mmoja anaweza kuingia nayo, nayo hurekebishwa kama nauli zinavyorekebishwa. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa, kwa mfano, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi shilingi 1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024. Kwa hiyo usitegemee kipimo ulichosimuliwa na jirani aliyesafiri Krismasi ya miaka mitatu iliyopita. Yasome masharti siku ile ile unapokata tiketi, na ikiwa una mzigo usio wa kawaida, kama vile runinga, baiskeli au ala kubwa ya muziki, uliza stesheni kabla ya siku ya safari badala ya kufika nao langoni ukitumaini kwamba utahurumiwa.

Ukishakijua kikomo, upime mzigo wako. Njia rahisi ni mizani ya kupimia watu: panda juu yake mikono mitupu, usome kipimo, kisha panda tena ukiwa umelikumbatia begi, tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzani wa begi. Asiye na mizani nyumbani anaweza kumwomba mwenye kinu cha kusagia unga mtaani, au muuza nafaka, ampimie. Baada ya hapo fanya jaribio la pili ambalo kwangu mimi ni muhimu kuliko la kwanza. Linyanyue begi mpaka juu ya kichwa chako, ulishikilie kidogo, kisha ulishushe taratibu. Ukishindwa, begi hilo ni zito mno kwako hata kama uzani wake uko ndani ya kikomo, kwa sababu rafu za behewani ziko juu ya madirisha, na huwezi kuwa na hakika kwamba atapatikana mtu wa kukusaidia wakati abiria wote wanahangaika na mizigo yao. Ligawe begi hilo mara mbili. Mabegi mawili ya wastani ni rahisi kuyabeba kuliko moja linalokupinda mgongo, na huingia mahali ambapo begi moja kubwa halingeingia.

Aina ya begi nayo ina maana yake. Sanduku gumu la magurudumu huteleza vizuri sakafuni lakini halibonyei, hivyo likikuta rafu imekwisha kujaa kiasi halina pa kuingia. Begi la kitambaa kizito hujikunja kufuata nafasi iliyopo. Ile mifuko mikubwa ya nailoni yenye miraba, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa sababu hubeba vingi kwa bei ndogo, ina udhaifu mkubwa kwenye zipu na vishikio. Ukiitumia, ifunge kwa kamba iliyopita chini ya mfuko mzima ili uzito usiangukie vishikio peke yake. Mifuko myembamba ya plastiki ya kubebea bidhaa iachwe kabisa. Ilipigwa marufuku nchini kote tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu iliyowekwa inaanzia faini ya shilingi milioni 2 au kifungo cha mwaka mmoja. Zaidi ya hayo, reli hii inapita kwenye mbuga za Tsavo, ambamo tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja tu haziruhusiwi. Kiondo, kikapu au mfuko wa kitambaa hufanya kazi ileile bila hofu.

Wazazi wenye watoto katika shule za bweni wana shida yao ya pekee, ambayo kila muhula unapofunguliwa huonekana wazi Syokimau. Sanduku la bati la mwanafunzi, godoro lililoviringishwa na ndoo vyote vinahitajika shuleni, lakini si lazima vyote visafiri kwa treni. Godoro na ndoo hupatikana kwa bei isiyotofautiana sana karibu na shule, na kwa mtazamo wangu ni afadhali mzazi ampe mtoto fedha za kuvinunua huko, au azitume kwa mlezi aliye karibu, kuliko kumwacha kijana wa miaka kumi na minne akipambana na mizigo mitatu kwenye ngazi. Sanduku la bati likiwa ni lazima, kona zake zifunikwe kwa vipande vya kitambaa au kadibodi vilivyofungwa vizuri, kwa kuwa kona hizo hukwaruza viti, hurarua mabegi ya wengine, na sanduku likiteleza kutoka juu huweza kumjeruhi vibaya aliyeketi chini yake. Mahali pake panapofaa ni chini, si kwenye rafu.

Wafanyabiashara nao watafakari kama treni ya abiria ndiyo njia sahihi ya kupeleka bidhaa. Robota la mitumba kutoka Gikomba huwa na kilo 45 hivi, gunia la viazi kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2019 halipaswi kuzidi kilo 50, na gunia la mahindi la kawaida ni kilo 90. Hiyo si mizigo ya abiria. Bidhaa za namna hiyo zipelekwe kwa lori au kwa kampuni za mabasi zinazopokea vifurushi, nawe usafiri kwa treni ukiwa na stakabadhi ya mzigo mfukoni.

Mbali na begi kubwa, kila abiria awe na mkoba mdogo usiotoka mwilini mwake. Humo ndimo vinamokaa kitambulisho cha taifa au pasipoti, tiketi, simu na chaja yake, fedha, funguo za nyumba, dawa, maji, chakula cha njiani, na leso au kikoi cha kujifunika, kwa sababu viyoyozi vya mabehewa hupuliza baridi ambayo mtu hakuitarajia wakati jua linawaka nje. Anayetumia dawa za kila siku asizitie kwenye begi la rafuni hata kidogo. Na mwenye insulini au dawa za sindano abebe pia barua au karatasi ya daktari, ili aweze kueleza bila usumbufu pindi mkoba utakapofunguliwa.

Hatimaye, liwekee begi alama. Mabegi meusi ya magurudumu yanafanana, na si kila anayechukua la mwenzake ni mwizi. Funga utepe wa rangi kali au kipande cha kanga kwenye kishikio, na ndani ya begi, juu ya nguo, weka karatasi yenye jina lako na nambari ya simu. Ni heri karatasi hiyo iwe ndani kuliko nje, ambako kila mpita njia angeweza kusoma nambari yako. Lipige picha pia kwa simu, likiwa limefungwa na likiwa wazi, kwa kuwa mtu aliyepoteza begi hushindwa kulieleza vizuri wakati moyo unamwenda mbio.

Vitu vya kuacha nyumbani

Kwanza kabisa ni vitu vinavyoweza kuwaka au kulipuka: petroli, mafuta ya taa, spiriti, thina ya kuchanganyia rangi, fataki, na mitungi ya gesi ya aina zote. Nasisitiza mitungi ya gesi kwa sababu vijana wengi wanaohama kikazi huiona meko kama chombo cha kawaida cha jikoni, na huifunga pamoja na sufuria bila nia mbaya yoyote. Mtungi ulioandikwa kuwa mtupu bado una gesi ndani yake. Uuze au umwachie rafiki, kisha ununue mwingine ufikako.

Silaha za kila namna haziingii, na vitu vyenye makali hukamatwa vilevile, kuanzia panga na shoka hadi kisu cha jikoni. Anayesafiri na matunda ayakate nyumbani na kuyatia kwenye chombo chenye kifuniko. Mkasi wa fundi cherehani na zana za fundi seremala ni vitu vya kuulizia mapema, kwa kuwa uamuzi wake huwa mikononi mwa mkaguzi, na mkaguzi haujui ufundi wako. Anauona wembe na ncha tu.

Pombe haingizwi kutoka nje. Chupa iliyokusudiwa kuwa zawadi kwa mkwe itabaki langoni, hata kama haijafunguliwa na hata kama unayo risiti ya duka. Wengi hulijua jambo hili wakiwa tayari mbele ya mashine, ambapo hawana wa kumrudishia chupa hiyo, nao huondoka na uchungu ambao ungeepukika kwa kuuliza siku moja mapema. Kuhusu nyara za wanyamapori, kama pembe, ngozi, kobe au magamba, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ni kali mno, na kutojua si utetezi. Hata pambo la zamani la nyumbani ambalo hujui asili yake lisisafiri nawe.

Lipo pia kundi la vitu ambavyo ninashauri viachwe kwa ajili ya kuwaheshimu wenzako, hata pale ambapo mkaguzi hatavigusa. Samaki wabichi, papa mkavu, ng'onda na nyama mbichi hujaza behewa zima harufu, na kwa kuwa madirisha hayafunguliwi, harufu hiyo hukaa na watu hadi mwisho wa safari.

Kutoka mjini hadi Syokimau

Kwa ratiba iliyotumika miaka ya karibuni, treni za Mombasa huondoka Nairobi saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Panga kufika stesheni angalau saa moja kabla ya treni kuondoka, na ukiwa na mizigo mingi, watoto au mzee, ongeza nusu saa nyingine. Milango hufungwa kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na treni haimsubiri mtu.

Njia nafuu kwa aliye katikati ya jiji ni treni ya kuunganisha inayotoka Stesheni Kuu ya Nairobi hadi Syokimau, kwani haiathiriwi na msongamano wa Barabara ya Mombasa. Ina mapungufu yake kwa mwenye mizigo: unapakia mara mbili na kushusha mara mbili. Hata hivyo kwa treni ya saa tisa alasiri, hasa siku ya Ijumaa, mimi ningeichagua mara kwa mara kuliko kukaa kwenye foleni ya magari pale Bellevue huku saa ikiyoyoma. Anayechukua matatu akubaliane na makanga kuhusu malipo ya mzigo kabla ya kupanda, maana begi linalokalia kiti hulipiwa kiti, na ugomvi wa njiani humchosha mtu kabla safari haijaanza. Teksi ndiyo inayomfaa mwenye mizigo mizito au mzazi mkongwe, na Barabara ya Express iliyofunguliwa mwaka 2022 ina njia ya kutokea kwenye stesheni ya treni, ingawa hulipiwa ada yake. Bodaboda isibebe sanduku. Dereva aliyefunga mzigo mbele ya tangi la mafuta hawezi kuugeuza usukani inavyotakiwa, na abiria aliyeshikilia begi kwa mkono mmoja hana cha kujishikia.

Ukifika, waweza kukutana na vijana wanaojitolea kukubebea mzigo. Wapo waaminifu na kazi yao ni ya halali, lakini patana bei kwanza, tembea kando yake wala si mbele yake, na mkoba mdogo usimkabidhi mtu yeyote. Wazee na watu wenye ulemavu wasione haya kuwaomba wahudumu wa stesheni msaada. Waseme mapema, mara tu wanapofika langoni, si wakati foleni imekwisha kusogea.

Ukaguzi

Ukaguzi wa Syokimau humshangaza anayeuona kwa mara ya kwanza, hivyo ni vizuri kuujua hatua kwa hatua. Nje ya jengo, abiria huelekezwa kuweka mabegi yao chini kwa mstari na kusimama pembeni, kisha askari hupitisha mbwa wa kunusa juu ya mstari huo. Usilifungue begi wakati huo, usiliguse, wala usimwite mtoto aliangalie. Mbwa akimaliza, utaambiwa uchukue mzigo wako na kuendelea hadi kwenye mashine ya eksirei, ambako mabegi hupita kwenye mkanda nawe unapekuliwa mwilini. Baadaye kitambulisho na tiketi hulinganishwa, na jina lililo kwenye tiketi sharti liwe lile lililo kwenye kitambulisho. Usishangae ukikaguliwa tena kabla ya kufika kwenye ukumbi wa kusubiri.

Kwa Waislamu wanaojali twahara, ushauri ambao nimeona ukiwafaa wengi ni kutia msala, kanzu na buibui za kuswalia ndani kabisa ya begi lililofungwa, na kulivika begi lenyewe kifuniko cha kitambaa kinachoweza kuvuliwa na kufuliwa. Kwa njia hiyo pua ya mbwa ikigusa, imegusa kifuniko tu.

Chakula kikaguliwe kwa urahisi pia. Ukikifunga pamoja, katika kikapu kimoja kilicho juu, mkaguzi akitaka kukiona utamwonyesha bila kutandaza nguo zako za ndani mbele ya watu. Vifaa vya umeme, nyaya na betri za akiba za kuchajia simu navyo viwe pamoja, kwa sababu nyaya zilizosokotana katikati ya nguo huonekana vibaya kwenye eksirei na ndizo zinazosababisha begi kufunguliwa. Ukiambiwa kufungua, fungua wewe mwenyewe, polepole, na ueleze kilichomo. Kufuli la nambari linafaa kuliko la ufunguo, kwa kuwa ufunguo mdogo hupotea hasa wakati unapotafutwa.

Mkaguzi akizuia kitu, uliza kwa upole kama unaweza kumkabidhi mtu aliyekusindikiza. Hii ndiyo sababu ninashauri anayekusindikiza asiondoke mpaka umjulishe kwa simu kwamba umeshapita.

Ndani ya behewa na wakati wa kushuka

Katika daraja la kawaida viti hupangwa vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili, na katika daraja la kwanza ni viwili kwa viwili. Daraja la kawaida lina watu wengi zaidi katika behewa lenye urefu uleule na rafu zilezile, na kwa hiyo nafasi ya mizigo huko huisha haraka, hasa Desemba na wikendi za sikukuu. Mwenye mizigo awe miongoni mwa wa kwanza kuelekea kwenye jukwaa pindi treni yake inapotangazwa. Tazama nambari ya behewa kwenye tiketi kabla hujateremka ngazi, kwa sababu kuvuta mabegi ndani ya treni kutoka behewa moja hadi jingine ni kazi ngumu na huwazuia wote wanaoingia.

Begi zito liweke juu ya rafu likiwa limelala, magurudumu au upande mpana ukielekea ukutani, na lisitokeze nje ya ukingo. Chepesi ndicho kiwe juu ya kizito. Chombo chenye kimiminika, hata kama ni mafuta ya nazi tu au chupa ya asali, kisikae juu ya vichwa vya watu. Kitie miguuni mwako. Ni afadhali begi lako liwe kwenye rafu ya upande wa pili wa njia, ambako unaliona ukiwa umeketi, kuliko moja kwa moja juu yako ambako huwezi kuliona bila kusimama. Viti vinavyotazamana havina nafasi kubwa ya miguu, hivyo kinachowekwa chini kiwe kidogo, na kwanza umwombe radhi aliyeketi mbele yako. Njia ya katikati na milango ibaki wazi daima. Wahudumu wakikuta begi hapo watakuamuru ulihamishe, na wana haki kabisa. Behewa likijaa moshi, begi hilo ndilo litakalowaangusha watu.

Kuhusu wizi, treni hii ni salama kuliko mahali pengi pa umma, lakini usingizi wa treni ya saa nne usiku hauna mlinzi. Pitisha mkanda wa mkoba mdogo mkononi au begani kabla ya kulala, na simu inayochajiwa usiiache mezani ukaenda msalani. Wanaosafiri wawili walale kwa zamu. Ukigundua kwamba kitu kimepotea, mwambie mhudumu wa behewa papo hapo, kabla ya kituo kinachofuata, ukimtajia nambari ya behewa, nambari ya kiti na sura ya begi, na umwonyeshe ile picha. Taarifa inayotolewa mwisho wa safari, wakati mamia ya watu wamekwisha kutawanyika, ni vigumu kuifuatilia.

Anayeshuka kabla ya Mombasa ana haja ya kujiandaa kuliko wote. Treni ya asubuhi husimama katika stesheni za kati, zikiwemo Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na kila mahali husimama kwa dakika chache tu. Treni ikianza kupunguza mwendo, mzigo uwe umekwisha kushushwa kutoka rafuni, nawe uwe karibu na mlango. Kwa sababu hiyo, anayeshukia Voi asikubali begi lake lifukiwe na mabegi ya wanaokwenda Mombasa. Amwambie kila anayepakia karibu naye kwamba yeye atashuka mapema, naye ataachiwa ukingo. Familia ipange nani atashuka kwanza na kupokea mizigo, nani atakayeishika mikono ya watoto, na nani atakayekuwa wa mwisho kutazama rafu na chini ya viti.

Miritini haraka haina faida. Stesheni iko mbali na mji, magari ya kuelekea kisiwani ni mengi, na umati wa dakika za mwanzo hupungua upesi. Waache wenye haraka watangulie, kisha teremka na mizigo yako kwa utulivu. Anayekwenda Diani na pwani ya kusini akiwa na mizigo mingi aulize gari linalopita barabara ya Dongo Kundu, kwani itamwondolea usumbufu wa kuburura mabegi kwenye kivuko cha Likoni. Kwa safari ya kurudi, kumbuka kwamba ukaguzi wa Mombasa una uzito uleule, na kwamba zawadi za pwani ni nzito kuliko zinavyoonekana. Halua, achari na mabuyu hufungika vizuri kwenye makopo yenye vifuniko. Maembe yapangwe kwenye kadibodi yenye matundu. Nazi zifuliwe kabla, kwa kuwa makumbi ni mzigo usio na faida yoyote Nairobi. Treni ya usiku hufika Syokimau kabla hakujapambazuka, hivyo aliye na mizigo apange usafiri wa kumpeleka nyumbani mapema au abaki ndani ya stesheni hadi kuche.

Treni za reli ya zamani na za mjini

Reli ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000 kati ya vyuma vyake, ilhali ile ya kisasa ina milimita 1,435. Tofauti hiyo mtu huihisi mwilini: mabehewa ya treni za Nanyuki na Kisumu ni membamba, na huyumba zaidi kwenye kona. Mizigo ya rafuni ifungwe kwa kamba au mkanda, vyombo vya kioo vikae mapajani, na mabegi yawe madogo kuliko yale ambayo ungekwenda nayo Mombasa. Treni hizi huondokea Stesheni Kuu ya mjini, ambako eneo la nje lina watu na matatu wengi, basi mkoba mdogo uwe kifuani kabla hujafika hapo. Kabla ya kufungasha, hakikisha kwamba safari yenyewe ipo, kwa kuwa treni za njia hizi si za kila siku.

Treni za mjini za Ruiru, Limuru, Embakasi na Syokimau zimepangwa kwa ajili ya wafanyakazi wa asubuhi na jioni, na saa hizo watu husimama wamebanana. Mkoba wa mgongoni uvaliwe mbele, kwa usalama wa mwenye mkoba na wa uso wa aliye nyuma yake. Anayetoka Wakulima au Muthurwa na kikapu cha mboga akiweke sakafuni katikati ya miguu yake, mbali na mlango, na apande kutoka stesheni ya mwanzo badala ya njiani, ambako treni huwa imekwisha kujaa. Mwenye gunia au sanduku kubwa atafute njia nyingine siku hiyo.